Mama Kola na Saini ya Mwakilishi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Kola alinyoosha kola za mashati ya watu asiowajua. Dobi aliyofanyia kazi ilikuwa kubwa, kiwanda hasa. Ilifua mashuka ya hoteli, magauni ya wagonjwa na mashati ya wakubwa wa maofisini. Katika jengo zima lenye watu mia na sabini, yeye alikuwa na pasi yake ya mvuke karibu na dirisha la tatu, na kazi yake ilikuwa hiyo moja: kola. Aliziona nyingi mno hata akawa anawasoma wenye mashati. "Huyu mwongo," angesema, akiigeuza kola mkononi. "Angalia alivyotoka jasho nyuma ya shingo, na ofisini kwao kuna kiyoyozi."

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini hata mumewe, fundi viatu mwenye kibanda mbele ya nyumba yao, alikuwa amekwisha kuliacha.

Kuhusu chama cha wafanyakazi, Mama Kola hakuwa na neno zuri hata moja. Aliingia uanachama wiki ya kwanza ya kazi, maana karani wa ajira alimchanganyia fomu ya chama na fomu nyingine, naye akazisaini zote kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo alikatwa ada kila mwezi, na alichowahi kukipata ni kofia tatu za siku ya wafanyakazi. Ya kwanza ilichuja rangi mara tu ilipoguswa na maji. Na huyu ni mtu wa dobi, aliifua kwa maji baridi na sabuni ya kiasi.

"Kofia yenyewe imeshindwa kutetea rangi yake," alimwambia mumewe, "ndiyo itanitetea mimi?"

Katibu wa tawi la chama pale kiwandani aliitwa Tutalifuatilia. Jina hilo hakulipenda, lakini alilitafuta mwenyewe. Ukimwambia buti za chumba cha kufulia zinavuja, tutalifuatilia. Feni zimekufa na joto linataka kuwaua watu, tutalifuatilia. Mjamzito kanyimwa kiti, basi hilo nalo litafuatiliwa. Zamani alikuwa mkunjaji wa mataulo kama wengine, ila ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tangu aguse kitambaa kibichi. Aliruhusiwa kuacha kazi ya mikono ili apate nafasi ya kuwatumikia wafanyakazi, na akawatumikia akiwa ameketi kwenye ofisi ndogo iliyopakana na ya meneja. Kati ya ofisi hizo mbili palikuwa na mlango, na mlango huo haukuwahi kufungwa. Chai ikiletwa kwa meneja, vikombe vilikuwa viwili.

Mtu aliyemvumilia Tutalifuatilia kuliko wote alikuwa Mama Pacha. Yeye na Mama Kola walianza kazi mwaka mmoja, wakakaa benchi moja wakati wa chakula, wakagawana kila siri ya nyumbani. Lakini walitofautiana kama moto na maji. Mama Kola aliona ubaya hata pasipo na kitu. Mama Pacha alimsemea mema kila mtu. "Naye ana wakubwa wake juu," angesema kuhusu katibu. "Tusimlaumu sana." Mama Kola angetazama dari na kuendelea kutafuna.

Mama Pacha alifanya kazi kwenye mashine ya roli. Hiyo ni mashine ya kunyooshea mashuka: magogo mawili ya chuma yenye moto ndani, yanazunguka yakikabana. Shuka bichi unalilisha upande mmoja, linatoka upande wa pili limenyooka na limekauka. Mbele ya magogo palikuwa na upau mwembamba wa chuma walioita kinga. Mkono ukiusogelea mno na kuugusa, mashine husimama yenyewe. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, maana mashuka ya hoteli ni mazito, yakijikunja kidogo tu nayo yanaigusa kinga, mashine inasimama, na meneja anatoka ofisini kuuliza kwa nini kumekuwa kimya. Mwezi wa pili wa mwaka ule kinga ilifungwa juu kwa waya. Tangu siku hiyo mashine haikusimama tena, na meneja akawa anatembea na tabasamu.

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, pindo la shuka lilimzonga Mama Pacha vidole. Mama Kola alikuwa anatazama upande wa pili. Alichosikia kwanza si ukelele, ni jina lake. Mama Pacha alimwita mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, halafu ndipo akapiga kelele. Fundi wa mashine alikimbilia swichi ukutani, hatua kama ishirini hivi kutoka pale, na hatua hizo ishirini ndizo zilizoula mkono. Ulipotolewa, Mama Kola aliuzungushia taulo la hoteli, jeupe, lenye nembo ya dhahabu pembeni. Tutalifuatilia alisimama mlangoni na kikombe chake. "Jamani, nafasi, nafasi, apate hewa," alisema, akarudi ndani. Huo ndio ukawa mchango wake.

Mama Pacha alilazwa wiki tatu. Wiki ya pili akaletewa barua hospitalini. Kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umefungwa hadi kwenye kiwiko, aliisubiri saa ya kutazama wagonjwa ifike, akamkabidhi Mama Kola.

"Nisomee, shoga. Labda wananipa pole."

Mama Kola alisoma kimya mpaka mwisho, akarudia tena. Barua ilisema kwamba uchunguzi umefanywa na kuonekana kuwa ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe, kwamba mashine ilikuwa salama na kinga yake ilifanya kazi, na kwamba kwa sababu hiyo kampuni haitawajibika kwa fidia wala kumhakikishia nafasi yake ya kazi. Chini palikuwa na saini mbili. Ya kwanza ya meneja. Ya pili, yenye mikia mirefu kama ya mtu anayejifunza kuwa mkubwa, ilikuwa juu ya maneno haya: mwakilishi wa wafanyakazi.

"Wanasemaje?" aliuliza Mama Pacha.

"Wanasema wewe mzembe. Na katibu wako, yule tusiyetakiwa kumlaumu, amekubali."

Mama Pacha alijivutia shuka kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Labda hakuisoma kabla ya kusaini."

Kwa mara ya kwanza katika urafiki wao Mama Kola alimkasirikia. Alitamani kumpigia kelele pale pale, mkono uliofungwa na yote. Badala yake aliikunja barua, akaitia kifuani, akaondoka bila kuaga vizuri. Njiani alilia kwa hasira, analia huku anatukana, na watu wakampisha.

Asubuhi yake aliingia ofisi ya chama bila kubisha. Tutalifuatilia alikuwa chini ya picha yake mwenyewe, iliyopigwa kwenye semina fulani, akiwa amevaa beji shingoni. Mama Kola aliiweka barua mezani.

"Hii saini ni yako?"

"Dada yangu, karibu, keti kwanza."

"Sikuja kukaa. Ni yako?"

Katibu alivaa miwani, akaisoma barua taratibu kana kwamba imetoka nchi ya mbali. "Unajua, mambo haya yana taratibu zake. Kuna kamati, kuna mazingira ya majadiliano. Ukimkazia mwajiri hapa, anakulegezea kule. Hiyo ndiyo busara ya uongozi."

"Amekulegezea wapi? Nionyeshe hiyo kule."

"Usilipeleke jambo kwa jazba. Limeshafika mezani kwangu. Tutali..."

Alijishika ulimi, lakini alikuwa amechelewa. Mama Kola alikuwa ameshaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, na kupitia mlango wa katikati meneja akachungulia kuona kuna nini.

Alipokuwa anatoka, aliona juu ya kabati kitabu chembamba chenye vumbi: Katiba ya Chama. Akakichukua. "Hicho ni cha ofisi," alisema katibu. "Na mimi ndiye niliyekilipia," alijibu Mama Kola, na kitabu kikaenda naye.

Alikisoma jioni hiyo kibandani kwa mumewe, akikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, huku mume akigonga soli. Kiswahili cha kitabu kilikuwa kizito, kimejaa pindi na endapo. Lakini Mama Kola alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kunyoosha vitu vilivyokunjamana. Ukurasa wa kumi na nne ulimfanya aache kuhema. Theluthi moja ya wanachama wakiweka saini, mkutano wa dharura wa tawi lazima uitishwe ndani ya siku saba, na mkutano huo una uwezo wa kumwondoa kiongozi.

"Unaona hii?" alimwambia mumewe. "Miaka yote hii bunduki ilikuwa juu ya kabati, sisi tunapigwa makofi."

Mume alitoa misumari mdomoni. "Na nani atakayeishika?"

"Mtu tu."

"Mtu tu ana jina," alisema mume, akarudisha misumari mdomoni.

Kutafuta saini kulimpa Mama Kola nafasi ya kuwadharau watu wapya. Alihitaji hamsini na saba. Aliwafuata kwenye vyoo, kwenye foleni ya chakula, nyuma ya marundo ya mataulo. Waliomlilia Mama Pacha kwa sauti kubwa kuliko wote ndio walioona karatasi wakakumbuka wameacha bomba wazi. Mmoja wa wakunjaji alisema moyo wake uko pamoja nao. "Sihitaji moyo, nahitaji kidole gumba na kalamu," alimwambia. Mwingine akamwuliza kama majina yataonekana. "Hapana," alisema Mama Kola, "tutawaandikia kwa maji."

Hata hivyo, walisaini. Wa chumba cha kufulia walisaini wote kwa pamoja, bila maneno, na karatasi ikarudi imelowa. Siku ya nne alikuwa na hamsini na sita, na akakwama hapo. Mchana huo fundi wa mashine alimsogelea kwenye dirisha la tatu, akijifanya anaangalia bomba la mvuke. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, asiyezungumza na yeyote, na tangu ajali ile alikuwa anakonda.

"Ile waya," alisema bila kumtazama, "niliifunga mimi."

"Najua."

"Niliambiwa niifunge."

"Hilo pia najua. Kwenye karatasi hii hapana nafasi ya kutubu, pana nafasi ya saini tu."

Alisaini.

Mkutano ulifanyika Ijumaa saa sita mchana kwenye ukumbi wa chakula. Watu walisimama mpaka kwenye madirisha. Tutalifuatilia aliingia amevaa koti la suti, na nyuma yake akaingia meneja, wakaketi wote wawili meza ya mbele kama maharusi. Mama Kola aliinua mkono.

"Kabla hatujaanza, nauliza. Meneja ni mwanachama wa chama chetu?"

"Amekuja kama mgeni," alisema katibu.

"Wa nani?"

Kicheko kilianzia nyuma, upande wa chumba cha kufulia, kikaja mbele kama maji. Meneja alisimama, akasema ana simu ya kupiga, akatoka. Mama Kola alisubiri mlango ujifunge.

Tutalifuatilia alizungumza dakika ishirini. Alianza na historia ya chama, akapita kwenye mshikamano, akazunguka kwenye changamoto. Aliposhikwa na swali la barua, alisema kwamba yeye binafsi aliikagua mashine, akaridhika kuwa ni salama, na kwamba inauma kusema, lakini dada yetu hakuwa makini.

"Uliikagua mwenyewe?" aliuliza Mama Kola.

"Mimi mwenyewe."

"Basi iko vile vile ulivyoikagua, hakuna aliyeigusa. Twende."

Hakusubiri jibu. Alitoka, na ukumbi mzima ukamfuata, na katibu akajikuta anasukumwa taratibu na wingi wa watu mpaka mbele ya roli. Mashine ilikuwa imeachwa inazunguka. Kinga ilikuwa juu, imefungwa kwa waya, kila mtu anaiona. Mama Kola alichukua shuka bichi kwenye toroli, akamtandazia mikononi.

"Lisha, katibu. Moja tu. Ukimaliza, nasema mbele ya wote kwamba Mama Pacha ni mzembe, na mimi naacha kazi leo hii."

Tutalifuatilia alilitazama shuka. Akayatazama magogo. Maji yalimdondokea kwenye viatu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Nafasi, nafasi, apate hewa," na hapo watu wakashindwa kujizuia.

"Mimi sikuajiriwa kuendesha mashine," alisema katibu hatimaye.

"Sawa. Uliajiriwa na nani, na kufanya nini?"

Katibu aliliweka shuka kwenye toroli, kwa uangalifu wa ajabu, kama mtu anayemlaza mtoto. Na ndipo fundi wa mashine alipopita katikati ya watu na daftari lake la matengenezo, akasoma kwa sauti yake nzito: tarehe, saa, kufunga kinga ya roli kwa waya, kwa agizo la meneja, na saini ya meneja pembeni. "Kila agizo namsainisha," alisema. "Nilifundishwa hivyo."

Walimwondoa Tutalifuatilia kwa kunyoosha mikono, hapo hapo penye mvuke. Wakamchagua Mama Kola kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama mbele, na yeye akawaambia kwamba wamechagua vibaya lakini wasijaribu kubadili.

Hawakugoma. Yeye aliwakataza kulitumia hilo neno. Kila mtu alirudi kazini, ila roli hakuna aliyeigusa, na walipoulizwa sababu walijibu kwamba wanaogopa wasije wakafanya uzembe. Kufikia Jumatatu mchana mashuka mabichi yalikuwa yamejaa hadi kwenye korido na yameanza kunuka, na hoteli tatu zilikuwa zinapiga simu kwa zamu. Saa tisa meneja alikuja mwenyewe na koleo, akaikata waya mbele yao, huku akisema kwamba usalama siku zote umekuwa kipaumbele chake. Hakuna aliyempigia makofi.

Afisa kazi wa serikali, aliyeandikiwa na Mama Kola, alikuja wiki iliyofuata, akakaa siku mbili, akaondoka na nakala ya daftari. Barua ya kwanza ilifutwa. Mama Pacha alilipwa fidia yake na akarudi kazini, kwenye kaunta ya kupokelea nguo, ambako aliandika risiti kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia havikukunjika tena. Siku aliyorudi, alimuuliza Mama Kola yule katibu wa zamani anaendeleaje, maana ana familia.

Anaendelea vizuri, asiwe na wasiwasi. Chama makao makuu kilimsikitikia sana kwa yaliyompata, na baada ya miezi minne kikamteua mkuu wa mafunzo, na gari. Sasa anazunguka nchi nzima akiwafundisha wawakilishi namna ya kuwakilisha. Mama Kola alipata mwaliko wa semina yake mara mbili, wenye kalamu na begi. Begi alimpa mumewe la kuwekea ngozi.

Mwenyewe aliutumikia ukatibu miaka sita, na hakuacha pasi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuupigilia misumari ule mlango wa katikati, misumari ya viatu, kutoka kibandani. Alipata buti mpya za chumba cha kufulia, akapata viti kwa wajawazito, akakaa siku tisa kwenye majadiliano ya mkataba na kutoka na nusu ya alichoomba. Na wale wale aliowabembeleza kwa ajili ya kidole gumba wakaanza kunong'ona kwamba chama hakifanyi kitu, kwamba lazima kuna anachokula, haiwezekani mtu ahangaike hivyo bure. Maneno yalimfikia yakiwa bado ya moto. Yalimuuma kuliko alivyotaka mtu ajue. "Nilikuwa nasema hivyo hivyo," alimwambia mumewe, "tena kwa ufasaha zaidi."

Uchaguzi wa tatu alishindwa kwa kura kumi na nne na mpakizi mmoja mwenye maneno laini, aliyewaahidi fulana. Mama Pacha alilia. Mama Kola hakulia. Alisema wanastahili fulana, tena ziwe za kubana. Akakabidhi mhuri, funguo na ile Katiba, ambayo kwa sasa ilikuwa imechakaa kila ukurasa. Mkutano wa kwanza wa katibu mpya alikwenda mapema, akakaa mstari wa mbele, na kijana wa watu hata kiti hakijapata joto, akaona mkono wa Mama Kola umeshainuka.